Mgeni wa Sikukuu Alale

Kila ikifika Novemba simu zinaanza kuingia kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Arusha: Krismasi tunakuja Mwanza, tufikie wapi, tule nini, watoto tuwapeleke wapi? Majibu ya haraka ninayo. Jiwe la Bismarck utaliona hata usipouliza, limesimama majini jirani na gati la Kamanga. Watoto wapeleke Saanane, kisiwa kilichobeba jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale kabla hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964. Sasa ni hifadhi ya taifa, boti zinaondokea Capri Point, na pimbi wanaota jua juu ya mawe. Nguo za sikukuu utazipata Makoroboi. Samaki nenda Mwaloni, Kirumba, asubuhi na mapema.

Yote hayo ni ya mchana. Jibu ninaloliamini zaidi ni hili: tafuta nyumba ya ndugu au rafiki ulale humo, hata usiku mmoja, hata kama pesa ya hoteli unayo. Huku ukingoni mwa ziwa sikukuu inaanza vyombo vya mchana vikishaoshwa.

Zamani hakuna aliyehitaji kuambiwa hivyo, maana maji yenyewe yalitulazimisha. Kwao mama yangu ni kijiji cha mwambao upande wa Sengerema. Sisi tumekulia mjini, Mabatini, kwenye nyumba zilizoning'inia mlimani kati ya mawe. Kati yetu na wao ipo Ghuba ya Mwanza. Ukipanda juu ya mawe ya Capri Point unaiona ng'ambo waziwazi, vilima vyake vyote, lakini kuifikia ilikuwa ama upande kivuko cha Kamanga pale mjini, ama uzunguke kwa barabara ya Shinyanga mpaka Usagara, ukate kulia kuelekea Kigongo, upange foleni.

Foleni ya Kigongo ya mwezi wa kumi na mbili aliyeionja haisahau. Mabasi ya Geita na Bukoba, malori ya saruji, magari madogo yaliyotoka Dar usiku kucha, bodaboda zenye kuku wawili wamefungwa kwenye usukani. Masaa mawili matatu ya kusubiri hayakumshangaza mtu. Unanunua karanga, unanunua mayai ya kuchemsha, unanunua nanasi lililomenywa, watoto wanalala, wanaamka, wanalia, unanunua tena. Ukija kuvuka jua limeshageuka. Nani angekula pilau saa kumi jioni halafu arudi kupanga foleni ile ile gizani? Tulilala.

Na bibi, Mungu amrehemu, alikuwa na amri yake: jua likizama hakuna mtu wa nyumba hii anayekwenda majini bila kazi ya kumpeleka. Wengi waliozaliwa kandokando ya ziwa hili wana bibi wa namna hiyo. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebakiza safari fupi tu kuingia Mwanza. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, Ukara ikionekana kwa macho, wakafa zaidi ya watu 200. Misiba yote miwili ilitokea mchana, si usiku, lakini ukimweleza mzee aliyezika jambo hilo halimpunguzii hofu. Kwa hiyo mgeni akifika ng'ambo, ni wa kulala. Mikeka ilitandikwa tangu sebuleni mpaka jikoni. Tulilala watoto kwa mstari, vichwa upande mmoja, na aliyeamka usiku kwenda nje alilazimika kuruka ukoo mzima.

Tarehe 19 Juni 2025 daraja likafunguliwa. Kilomita 3, kutoka Kigongo mpaka Busisi, kwa zaidi ya shilingi bilioni 700. Safari iliyokuwa inakula nusu ya siku sasa unaimaliza kabla wimbo mmoja wa redioni haujaisha.

Foleni ile siililii hata kidogo. Hospitali kubwa ya rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, iko Mwanza, na mgonjwa wa Sengerema au Geita aliyeandikiwa rufaa alikuwa anaifikia kwa kuvuka maji. Mama mjamzito aliyezidiwa usiku alikuwa anasubiri kivuko kama gunia la mkaa linavyosubiri. Nimewahi kukaa kwenye gari nyuma ya gari la wagonjwa pale Kigongo, kivuko kikiwa bado ng'ambo, na nilimwona mume wa mgonjwa akishuka na kwenda kusimama kwenye ukingo wa maji, akiangalia tu upande wa Busisi. Anayesema mambo ya zamani yalikuwa mazuri hakuwa nyuma ya gari lile. Daraja limekuja limechelewa, na ninafurahi kila ninapolipita.

Ila Krismasi ya mwaka jana ilikuwa ya kwanza baada ya daraja, na niliona kitu ambacho sikukitegemea.

Tulikuwa wengi kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Magari yalijaa uwanja wote mpaka chini ya mwembe. Mama mkubwa, ambaye ndiye ameshika nyumba ya bibi, alikuwa amejipanga tangu mwanzo wa mwezi. Siku zote kuna mvutano wa chakula, na alishaujua: wageni wa Dar wanataka sato, maana wamemkosa mwaka mzima, na wenyeji tunaokula samaki Januari mpaka Desemba tunataka pilau na kuku wa kienyeji, na mbuzi kama mwaka ulikuwa mwema. Alipika vyote. Sato wa mchemsho, mzima mzima, kwa nyanya, kitunguu na limau, pamoja na ugali wa muhogo. Pilau ya mchele wa jaruba lake mwenyewe. Pembeni matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, kwa waliokumbuka ladha ya utoto. Watoto waliozaliwa Dar walikiangalia kiazi kile kikavu kwa mashaka, wakajaribu, kisha wakajaza mifuko.

Saa kumi na moja jioni injini zikaanza kuunguruma.

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa tarehe 26 ni mapumziko, ikifuatiwa na Jumamosi na Jumapili. Hakuna aliyekuwa anawahi kazini. Mama mkubwa alikuwa ameazima magodoro kwa majirani, amefua mashuka, ameyakunja na kuyapanga juu ya sanduku la bibi. Alipoona watu wanatafuta viatu aliuliza, "Kwani wanangu mmefuata kula tu?" Mmoja wa binamu zangu akamshika bega, akamjibu kwa upendo kabisa, "Mama mkubwa, sasa hivi daraja lipo. Si mbali tena. Tutakuja hata wikiendi ijayo." Mama mkubwa akaingia ndani, akatoka na ndoo ya maembe, akawagawia gari kwa gari. Mpaka naandika haya, wikiendi hiyo haijafika.

Binamu yangu hakudanganya. Kilicho karibu kinaahirishika. Uliyekuwa unamfikia kwa tabu ulikuwa unamkalia. Unayeweza kumfikia kwa dakika ishirini unampitia. Ninawafahamu watu wa hapa hapa mjini wanaoishi kata moja na mama zao na hawajalala chini ya paa lake tangu waoe. Daraja limetufanya sote tuwe wa kata moja.

Mimi na wanangu tulibaki, pamoja na binamu mmoja wa Geita. Na sasa niseme usiku ule ulikuwa na nini, kwa sababu ndicho waliokwenda walichokikosa.

Kwanza, mjomba. Mjomba wangu ni mvuvi wa dagaa, na mvuvi wa dagaa hafuati kalenda ya ukutani, anafuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa inaelea, inavuta wadudu na dagaa wanaowala, wanakusanyika chini ya ule mwanga, wavu unawazunguka. Hilo linawezekana giza likiwa giza. Mwezi ukikaribia kupevuka mwanga unatapakaa ziwa zima, dagaa wanatawanyika, taa haina kazi, na wavuvi wanarudi nyumbani kushona nyavu na kulala na wake zao. Desemba ile mwezi uliandama kuanzia tarehe 20. Krismasi ikaangukia katikati ya giza, siku za kazi kubwa. Mjomba alivua usiku wa mkesha, akafika asubuhi, akaamshwa kula pilau na macho mekundu, akasalimia watu wawili watatu, na jioni alikuwa anateremka tena mwaloni, ufukweni inakoegeshwa mitumbwi, na koti lake la mvua. Waliokuja kwa chakula walimwona akisinzia. Mmoja, sitamtaja, alisema mjomba siku hizi amekuwa mkimya.

Mjomba si mkimya. Tarehe 26 alfajiri tulishuka na watoto kumpokea. Mwezi mchanga ulikuwa umezama zamani, bado kiza, mitumbwi inaingia mmoja mmoja na akina mama wamesimama na ndoo, wanaitana kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka mayu," wanabishana bei kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Mjomba alimnyanyua mwanangu mdogo akamkalisha juu ya nyavu, akaanza kumweleza kila kitu: upepo wa usiku unatoka nchi kavu, wa mchana unatoka ziwani, mwanga wa radi upande wa Ukerewe unamaanisha nini, kwa nini mtu hapigi mluzi kwenye mtumbwi wake. Alieleza mpaka jua lilipochomoza. Mwanangu ana miaka saba, na ninaweza kusema kwamba sasa ana babu.

Halafu dagaa wenyewe. Desemba huku ni mvua, na dagaa wakinyeshewa hawajakauka, hasara. Mama mkubwa anaanika kwenye chanja, mwenzake jirani anaanika mchangani, na wote wanasikiliza mbingu huku wakiongea mambo mengine. Wingu lilipotanda kutoka ziwani hakuna aliyeulizwa ni mgeni au mwenyeji. Tulikusanya kwa mikono, kwa fagio, kwa kanga. Binti yangu, anayesoma mjini na anayelalamika kuosha kikombe, alikimbia na turubai kabla sijamwita.

Lakini lililonifanya niandike makala hii ni lile la usiku wa Krismasi wenyewe. Tumeshakula viporo, watoto wamelala, chai iko kwenye chupa, mbu wanatukaba. Mama mkubwa alikaa kimya muda mrefu. Kisha akatuambia, mimi na binamu wa Geita, kwamba magoti hayamruhusu tena kuzunguka shamba lote, na kwamba anataka kutuonyesha mipaka yeye mwenyewe wakati bado anaweza kutembea, minyaa ipi ya mpakani ilipandwa na babu na ipi ilipandwa na jirani baadaye, kaburi gani ni la nani kati ya yale yasiyoandikwa. Alisema alikuwa amepanga kulisema mbele ya wote. Alisubiri watu wale, akasubiri wapumzike, akasubiri jua lipungue. Wakati anatafuta pa kuanzia, watu walikuwa wanatafuta viatu.

Wazee wetu hawaongei mambo mazito mezani. Wanangoja kelele zipungue, watoto walale, mtu wa haraka aondoke. Hakuna mama wa Kisukuma ninayemfahamu mimi atakayekuita pembeni katikati ya pilau na kukuambia kinachomuuma. Anakupima kwanza kama una muda. Ukilala, amejua unao.

Asubuhi baada ya mwalo tulitembea. Taratibu, kwa fimbo, tukipumzika kila penye kivuli. Nimechora mipaka yote kwenye daftari na binamu amepiga picha kila mnyaa wa kona. Yale makaburi sasa yana majina.

Na siku iliyofuata tukapewa majembe. Kuna msemo kila Mswahili anaujua, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na watu wa mjini wanauchukua kama njia ya kumfukuza mgeni. Usukumani mwishoni mwa Desemba hakuna cha kufukuzana: mvua imenyesha, mahindi yanataka palizi, miche ya mpunga inataka kuhamishiwa jarubani, na mikono haitoshi. Kupewa jembe ni kuambiwa wewe si mgeni tena. Tulipalilia mpaka mgongo ukakataa, tukala ugali na mboga ya nsansa, tukalala saa mbili usiku. Sijapata usingizi kama ule mwaka mzima.

Tukarudi mjini kwa Mwaka Mpya, na zamu ya kupokea ikawa yetu.

Kumlaza mgeni mlimani Mabatini kuna gharama zake na sitaki nizifiche. Mji umekaa kando ya ziwa la pili kwa ukubwa duniani kati ya maziwa ya maji baridi, na bado kwenye vilima vyetu maji ya bomba yana siku zake. Siku mbili kabla, vijana wanapandisha madumu kwa ngazi za mawe. Kila mgeni anayeoga ni dumu. Luku inakimbia, gesi inakimbia. Kwa hiyo anayekuja kulala kwa mtu na aje kama mtu mzima: kilo za mchele, sukari, sabuni, umeme wa kununua kwa simu bila kutangaza. Rafiki yangu wa Bukoba kila mwaka anakuja na kopo la senene, wa msimu ule ule, wamekaangwa wakakauka vizuri, na jirani ambaye mwaka mzima hatusalimiani sana usiku huo anapita "kuazima kiberiti". Kopo linafunguliwa, jirani anakaa. Hivi ndivyo tulivyofahamiana naye.

Mwaka huu mgeni wetu mkubwa alikuwa mjomba. Tarehe 31 mwezi ulikuwa umeshakua, ungepevuka Januari 3, taa hazivuti kitu, akapanda basi akavuka daraja. Alifika na sato wawili ndani ya kiroba na dagaa wa kutosha mtaa. Kanisani kwenye mkesha alisimama pembeni yangu kwa shati alilonunua kwa ajili ya Krismasi na ambalo hakulivaa Krismasi. Tuliporudi alfajiri alikaa nje kwenye jiwe, mji mzima ukiwa chini yetu, akaniambia habari za mama yangu akiwa msichana, jinsi alivyokuwa anaogelea kuwashinda wavulana mpaka bibi akamkataza kwa sababu ya mamba na kichocho. Nina umri huu na sikuwahi kujua kwamba mama anaogelea. Nilipomuuliza asubuhi alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaenda kugombana na kaka yake kwa kumtolea siri.

Alilala kwetu siku nne. Siku ya tatu mwanangu mdogo alikwenda chumbani akarudi na jembe dogo la bustani, akampa kwa mikono miwili.

Sasa nageukia ukoo wangu, maana najua mnasoma. Krismasi inaangukia popote kwenye mwezi, mwaka mmoja giza, mwaka mwingine mbalamwezi, na mjomba hawezi kuahidi. Pasaka ni tofauti. Kanisa linaipanga kwa kufuata mwezi mpevu wa msimu ule, kwa hiyo Pasaka haimkuti mvuvi wa dagaa katikati ya giza. Mwaka huu ni Jumapili tarehe 5 Aprili, mwezi unapevuka tarehe 2, Ijumaa Kuu ni tarehe 3 na Jumatatu ni mapumziko. Mjomba atakuwa nyumbani, macho meupe, na maneno yote. Mama mkubwa anataka kuwaonyesha minyaa wale ambao hawakuiona. Magodoro ya majirani tumeshayarudisha, kwa hiyo kila gari lije na godoro lake na shuka zake, na anayekuja atume jina kwangu kabla ya mwisho wa Machi ili nijue tupeleke mchele kiasi gani. Anayetaka kuja kula na kurudi anakaribishwa pia, chakula atapata. Ila aegeshe gari mbali na mwembe, hapo ndipo tutakapotandika.